Gari la waya, tiara, gololi au Brick Game: umpe mwanao kipi kati ya vile vya utoto wetu?

Kila shule zinapofungwa, Juni na Desemba, wazazi wa rika langu tunaingiwa na hamu ileile. Unamkuta mtoto kajikunja kwenye kochi na simu ya mtu mzima, unakumbuka wewe umri ule saa hizo ulikuwa wapi, unasema moyoni: huyu lazima auonje na utoto wangu. Hapo ndipo unapokwama, kwa sababu utoto wetu ulikuwa na vitu vingi na likizo ni fupi.

Mimi nimekulia Ngamiani, Tanga, miaka ya 1990. Uani kwetu vilikuwepo vichezeo vinne kwa wakati mmoja: gari la waya la kaka yangu, tiara iliyotundikwa ukutani isikanyagwe, kopo la gololi, na baadaye Brick Game moja, kigemu cha mkononi cha betri, iliyochezwa na nyumba tatu. Likizo za karibuni nimevijaribu vyote vinne kwa wanangu, binti wa miaka 9 na mdogo wake wa kiume wa miaka 5. Naandika kwa ajili ya mzazi, mjomba au shangazi anayetaka kuchagua kimoja na hajui aanzie wapi.

Vinne hivi havikuingia uani kwa mlango mmoja. Gari la waya na tiara tulivirithi kwa kaka zetu wakubwa, waliokuwa watoto katika miaka ya uhaba, mwanzoni mwa miaka ya 1980, ambapo hata sabuni ilipangiwa foleni. Kichezeo cha dukani kingetoka wapi? Waliokota, wakakunja, wakafunga. Brick Game ilikuja na ruksa. Mzee Mwinyi aliingia madarakani 1985, biashara ikafunguliwa, na katika miaka ya 1990 vigemu vya plastiki kutoka China vikawa vinapangwa kwenye meza za wamachinga karibu na sketi na viatu vya mtumba. Ukiongeza kwamba Bara hatukuwa na kituo cha televisheni hadi 1994, wakati Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya 1970, utaelewa kwa nini jioni zetu zilikuwa ndefu namna ile.

Kuna niliyoyaacha kwa makusudi. Manati nimeiacha kwa sababu ya macho ya watoto na ya ndege. Mdako, rede na kuruka kamba nimeviacha kwa sababu havihitaji uchague: mdako ni kokoto na kishimo tu, mfundishe leo jioni.

Nitavipima kwa mambo matano: kinapatikanaje na kwa mikono ya nani, kinataka mahali gani, kinataka watu wangapi, kinafaa umri gani na kina hatari gani, na kinamshika mtoto kwa muda gani. Bei sikuiweka peke yake. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kitakachokufilisi. Kinachotumika hapa ni muda wako.

Kinapatikanaje, na kwa mikono ya nani

Gari la waya ndilo linalodai zaidi. Mifupa yake ni waya mgumu, na siku hizi waya wa henga za nguo unatosha. Letu lilimaliza henga saba. Viungo vinafungwa kwa waya laini wa kufungia nondo, unaouzwa kwa kilo kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Zamani tulifungia vipande vyembamba vya tyubu ya baiskeli, na bado vinashika vizuri.

Matairi ni ndala kuukuu. Kaka alikuwa akiweka kifuniko cha kopo la dawa ya viatu juu ya kisigino cha ndala, anakizungushia ncha ya msumari kupata alama, kisha anakata kwa wembe taratibu, ulimi umemtoka pembeni mwa mdomo. Msumari mwingine ulikuwa umelala kwenye makaa ya jiko la mama. Ukishakuwa mwekundu anauchomeka katikati ya tairi, mpira unalia, moshi mweusi wenye harufu kali unapanda, na tundu linatoka duara safi. Mwisho inakuja fimbo ndefu yenye usukani wa waya, inayoshuka mpaka kwenye ekseli ya mbele, ili mwenye gari akimbie nalo akiwa amesimama wima. Ukikata kulia, matairi ya mbele yanakata kulia. Fundo linalounganisha fimbo na ekseli ndilo linalowashinda wengi, na gari lisilokata kona mtoto analiacha siku hiyohiyo.

Kwa hiyo uliza kwanza: kuna mtu wa karibu anayejua? Mimi sijui. Nilimpigia kaka, akaja Jumamosi asubuhi na plaizi yake, akaondoka magharibi. Katikati hapo binti yangu alikunja waya, akavunja wembe mmoja, akasikiliza hadithi tatu za babu yake ambazo mimi mwenyewe sikuwahi kuzisikia. Kama huna kaka wa namna hiyo, muulize fundi wa mtaani kwenu au mlinzi wa jirani. Wengi waliokulia mikoani miaka ile wanajua, na hufurahi kuulizwa.

Tiara inakula kama saa moja na nusu. Chomoa njiti mbili za chelewa kwenye fagio, zifunge msalaba, uzungushie uzi kwenye ncha nne, kisha uvishe mwili. Mwili wetu ulikuwa mfuko wa rambo. Mifuko ile ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Bara tangu tarehe 1 Juni 2019, Kenya tangu Agosti 2017, na Zanzibar kabla ya wote hao. Binti yangu aliniuliza rambo ni nini, nikakosa hata mmoja wa kumwonyesha. Tulitumia nailoni iliyofunika godoro jipya. Ni nzito kidogo, lakini inapaa. Gazeti nalo linafaa siku kavu, na gundi ni punje za wali uliopoa, zilezile za zamani. Mkia ni vipande vya kanga iliyochakaa. Uzi wa cherehani unakatika upesi. Tafuta uzi wa kushonea viroba. Tiara ikizunguka kama pia na kuanguka, ongeza mkia. Ikigoma kupaa, upunguze. Mtu ambaye hajawahi kuitengeneza ataweza kwa jaribio la pili au la tatu, jambo ambalo siwezi kuliahidi kwa gari la waya.

Gololi unanunua, basi. Ishirini zinatosha kuanzia watoto wawili. Wakenya wengi watazijua kwa jina la bano. Sisi tulikuwa pia na zile za chuma zilizotoka kwenye beringi kuukuu za gereji, na aliyeingia uwanjani na ya chuma aligombezwa, maana ilizipasua za kioo. Kinachodai mikono hapa ni kanuni: lazima awepo mtu mzima mmoja anayekumbuka mchezo wa mashimo matatu unavyokwenda na akubali kupiga goti chini kuonyesha. Kidole gumba kinakaa wapi, huwezi kumweleza mtoto kwa maneno.

Brick Game unanunua pia, na haidai ujuzi wa mtu yeyote. Bado zinatengenezwa China, na umbo lake ni lilelile, kioo juu na batani za duara chini. Kabla ya kulipa tia betri, bonyeza batani zote, angalia kioo kisiwe na mistari iliyokufa. Betri zake ni zile ndogo za rimoti.

Kinataka mahali gani

Hapa miji yetu imebadilika kuliko vichezeo vyenyewe.

Gololi zinataka udongo. Uwanja wetu ulikuwa wa mchanga ulioshindiliwa kwa miguu, na shimo lilichimbwa kwa kisigino. Uani ninakoishi sasa kumetandikwa vitofali vya saruji ukuta hadi ukuta, hakuna pa kuchimba. Tumehamia mchezo wa duara: chora duara kwa chaki kwenye sakafu, panga gololi katikati, lenga kutoka mstarini. Unachezeka hata kwenye baraza ya ghorofa, ingawa gololi zinakimbilia ngazini.

Gari la waya linataka njia ndefu, nalo hufurahia vumbi kuliko sakafu. Watoto huchimba barabara zao wenyewe, na kuchimba barabara ni nusu ya mchezo. Mtaani penye bodaboda zinazopita kasi usimwachie, kwa sababu mwenye gari la waya hutazama matairi yake na si mbele. Kama mna ukumbi mrefu wa ndani, litatembea, ila kubali mikwaruzo.

Tiara inataka anga. Ufukwe, uwanja wa mpira, shamba lililokwisha kuvunwa. Na inataka msimu: Juni kusi inavuma, kwa hiyo likizo ya katikati ya mwaka ndiyo yake hasa kwa sisi wa pwani. Desemba mara nyingi utasubiri kaskazi ishike. Sharti moja halina mjadala: pasiwe na nyaya za umeme karibu. Tiara yetu ya kwanza ilinasa kwenye nyaya siku ya tatu, binti akalia akitaka tuitungue kwa upondo. Nilikataa, na nitakataa kila mara. Iliyonasa imekwenda.

Brick Game haitaki mahali. Kwenye basi la Tanga kwenda Dar, kwenye foleni ya kliniki, kitandani umeme ukikatika wakati bado kuna mwanga dirishani. Kwa familia inayoishi chumba kimoja bila ua, kigezo hiki peke yake kinaweza kumaliza mjadala.

Kinataka watu wangapi

Gololi za mtu mmoja hazipo. Wawili ni wachache, wanne ndio utamu. Kama mwanao ana wenzake jirani, mchezo huu utawaleta mlangoni kwako bila kuwaita. Lakini amueni mapema jambo la kuliana. Kwetu aliyeshinda alizichukua, na mama yangu aliona ni kamari akatukataza. Tulicheza nyuma ya banda. Nyumba yangu nimeamua zinarudishwa zote mwisho wa mchezo. Jirani yangu anaruhusu waliane, kila mtoto aingie na kumi tu, na wanawe wamejifunza kupoteza bila kununa. Ninyi mnajua misimamo ya nyumba yenu. Kibaya ni kanuni kubadilika katikati ya mchezo.

Jambo jingine: miaka ile msichana akikutwa kwenye gololi alirudishwa jikoni. Nilicheza kwa kuiba, na nilikuwa mlengaji mzuri. Kama una binti, usizipite gololi kwa kudhani si zake.

Tiara inataka wawili kwa kuirusha, mmoja ashike, mwingine akimbie na uzi. Ikishapaa mmoja anatosha. Gari la waya ni la mmoja, ingawa magari matatu yakifuatana kwenye barabara moja ya mchanga watoto huchelewa hata chakula.

Brick Game kwa maumbile yake ni ya mmoja, na ndicho watu wanachokilaumu nayo. Nataka kuitetea kidogo. Ile ya kwetu ilinunuliwa kwa mkono wa Idi wa watoto watano tuliouchanga. Tulikaa kwenye baraza kwa mstari, na sheria ilikuwa ukifa unampisha mwenzako. Kila mtu alijua alama za mwenzake kwa kichwa. Betri zikilegea tulizianika juani juu ya bati kama dagaa, tukapata dakika kumi zaidi. Kilichoifanya iwe ya watu wengi ni kwamba ilikuwa moja. Ukiwa na watoto watatu, nunua moja.

Umri na hatari

Gololi ndizo za kuogopa zaidi kwa wadogo. Chochote kinachoweza kupita kwenye tundu la upana wa milimita 32 hivi kinaweza kumkaba mtoto wa chini ya miaka 3, na gololi ya kawaida ni nusu ya hapo. Nyumba yenye mtoto anayetambaa isiwe nazo kabisa. Kwangu tunazihesabu zikitoka kopo na zikirudi. Mdogo wa miaka 5 anacheza nikiwepo.

Gari la waya: kuliendesha, miaka 5 anaweza, kulitengeneza, ngoja afike 9 au 10, na wembe na msumari wa moto vibaki mikononi mwa mkubwa. Kila ncha ya waya ikunjwe ndani. Pitisha kiganja gari zima kabla hujamkabidhi.

Tiara, ukiacha nyaya, hatari yake ni uzi. Ukivutwa na upepo unakata vidole, na ukitanda barabarani kwenye kimo cha shingo unaweza kumuumiza mwendesha bodaboda. Uwanjani tu, kuanzia miaka 7 hivi, pamoja na mtu mzima.

Brick Game ni salama kuliko zote tatu, mradi kifuniko cha betri kifunge. Kuna wazazi wanaoiacha ili wanunue Tamagotchi, kile kiyai cha kulea mnyama kilichotolewa na Bandai ya Japani mwishoni mwa 1996. Ni kizuri, lakini kinatumia betri za vidonge, na betri ya namna hiyo ikimezwa inaweza kuunguza koo la chakula ndani ya saa 2. Ukinunua, hakikisha kifuniko kina skrubu, na skrubu imekazwa.

Kinamshika kwa muda gani

Tiara inaishi siku chache. Nilidhani huo ni udhaifu, ila iliponasa ya kwanza binti alitengeneza ya pili karibu peke yake, na ya tatu akamtengenezea mdogo wake. Gari la waya lilikuwa na wiki tatu za moto, kisha matairi yakalika. Sasa limekuwa la mdogo, na kila mwezi lina tairi moja la kubadilisha. Gololi zinakuja na kuondoka kulingana na nani yupo jirani. Kopo linaweza kukaa miezi miwili, halafu jioni moja wakaja watoto wanne.

Kwa Brick Game nilikuwa na wasiwasi. Mtoto aliyezoea rangi za simu angeona nini kwenye vijiraba vyeusi? Saa ya kwanza aliuliza rangi ziko wapi. Siku ya pili nikamkuta nayo ngazini, kimya. Ule mchezo wa kupanga vipande umetokana na Tetris, aliyoibuni Alexey Pajitnov mjini Moscow mwaka 1984: maumbo saba, kila moja la vijiraba vinne, yanashuka kwenye kioo cha vijiraba kumi kwa ishirini. Hakuna kingine, na hakijachakaa hadi leo. Usimwahidi tu zile 9999 zilizoandikwa juu yake. Ni michezo michache, nyoka, magari, vifaru, inayorudiwa kwa kasi na ngazi tofauti. Faida yake ambayo vingine havina ni kwamba mzazi na mtoto mnakuwa sawa kuanzia siku ya kwanza. Alama zangu anazijua, na anazifukuzia.

Kwa hali yako

Unarudi nyumbani saa mbili usiku na Jumapili ndiyo siku yako pekee: Brick Game, na mkae mstari mmoja mcheze kwa zamu baada ya kula. Ukipata Jumapili nzima ya Juni na uko karibu na uwanja au bahari, tiara.

Mwanao ni mpole, hajapata marafiki mtaani mlipohamia: gololi ishirini na chaki. Kaeni barazani pa kuonekana.

Una mtoto wa chini ya miaka 3 ndani: gololi zisubiri. Gari la waya au tiara kwa mkubwa wake.

Mtoto wa mikono, yule anayefungua rimoti kuona ndani: gari la waya, hata kama litachukua wikendi mbili. Asiyependa kushikwa muda mrefu na kazi moja atachoka kabla ya tairi la pili. Huyo mpe tiara, aione ikiwa juu jioni hiyohiyo.

Uko Muscat au Toronto na unataka mwanao aguse kitu cha kwenu: gololi zinaingia kwenye mfuko wa koti, kanuni zinaingia kichwani. Tiara mnaweza kuijenga hukohuko kwa vijiti vya huko. Gari la waya liacheni mpaka safari ya kuja likizo, litengenezwe hapa na mwenyeji.

Na kama bado unaye kaka, mjomba au babu aliyewahi kukunja waya, mpigie wiki hii kabla shule hazijafunguliwa. Mwambie aje na plaizi. Ndala kuukuu mnazo.